Bawaba za Buti, ya Kulia na ya Kushoto

Enzi zetu pale Kawajense, mjini Mpanda, treni ikipiga honi hatukuuliza nani amekuja, tuliuliza nini kimekuja. Nyie wa rika langu mnaikumbuka honi ile. Mko katikati ya rede, mpira wa soksi uko hewani, ghafla mchezo unavunjika na wote mnakimbilia stesheni peku, vumbi jekundu mpaka magotini. Ukirudi nyumbani unakuta mihogo ya kuchoma na karanga, au dagaa wa Karema wakavu wanaokwaruza ulimi, na mama anakuuliza kama treni ndiyo imekuzaa wewe mpaka uikimbilie hivyo.

Kitu pekee kilichotutoa mbio zaidi ya treni kilikuwa gari la Baba Mdogo Gervas, mdogo wake baba yangu. Lilikuwa gari la mashindano, jekundu, la milango miwili, la zamani hata kwa miaka ile ya tisini. Mzungu mmoja aliyekuja kwa kazi ya barabara alimwachia alipoondoka. Lilikuwa chini mno. Mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyekuwa anapitisha ng'ombe wake alisimama akalitazama kwa huruma, akauliza, "Hili mbona limechuchumaa, linaumwa tumbo?" Tangu siku hiyo mji mzima ukaliita Chuchumaa. Baba Mdogo hakukasirika. Kila asubuhi alilifuta kwa kipande cha kanga huku analisemesha, na sisi tulisimama pale na madaftari yetu mpaka kengele ya shule itukute njiani.

Ugonjwa wa Chuchumaa ulikuwa buti. Bawaba mbili zilizoshika mfuniko zilikuwa zimeliwa na kutu, halafu Baba Mdogo akazimaliza kwa kubeba magunia ya mahindi mfuniko ukiwa wazi. Ukakaa upande kama kofia ya mlevi, akawa anaufunga kwa mpira wa tyubu. Ukienda nalo Kasokola na kurudi, ungeweza kupanda mchicha kwenye vumbi la humo ndani.

Na Kasokola ndiko alikokuwa anakwenda kila Jumapili, maana ndiko alikokuwa Febronia, mchumba wake, binti wa familia ya Warundi waliolima huko. Ndoa ilikwisha kutangazwa kanisani. Mambo yote yalikuwa sawa mpaka siku Senge alipolizunguka gari. Senge kwa Kirundi ni shangazi, na huyu shangazi wa Febronia alikuwa mama mrefu, mkavu, asiyecheka hovyo. Aliugusa ule mpira wa tyubu kwa kidole kimoja.

"Sanduku la binti yetu halipandi lori pamoja na sufuria," alisema. "Linakaa humu, linaenda na mwenyewe. Nikifika kwenu nikalikuta lina vumbi, narudi nalo. Na yeye narudi naye. Nyumba isiyoweza kufunga mlango mmoja itamtunza nani?"

Tulidhani ni utani. Baba Mdogo alijua si utani, kwa sababu Febronia mwenyewe aliinamisha kichwa. Alimpenda yule binti kweli, na kuanzia siku hiyo akawa anaulizia bawaba kila gereji.

Bawaba za gari kama lile hazikuwepo Mpanda. Simu za mkononi hazikuwepo pia, na vijana wangu huwa wananitazama kwa huruma nikifika hapa. Tulituma neno kwa mdomo. Baba Mdogo alimwambia mfanyakazi wa treni, naye amwambie mwenzake, wa mwisho amwambie binamu yetu aliyekuwa Tabora: anitafutie bawaba za buti, ya kulia na ya kushoto, haraka, nina harusi.

Treni ikaenda, treni ikarudi. Tulikuwa kundi zima pale stesheni kifurushi kilipofunguliwa. Ndani yake kulikuwa na viatu. Jozi ya buti nyeusi, ngozi nene, kamba mpya, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, pamoja na salamu za binamu kwamba amezunguka soko zima na anamtakia bwana harusi kila la heri. Neno "bawaba" lilikuwa limeteremka njiani, stesheni ya Kaliua, na halikupanda tena.

Baba Mdogo alikaa kwenye reli akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea bila kicheko. Kisha akazivaa. Zilimtosha. Hakuwa na viatu vingine vya harusi, akasema labda Mungu naye ametumia treni.

Muda wa kutuma tena haukuwepo, kazi ikabaki kwa Fundi Nestori. Msidhani alikuwa mnyenyekevu. Alikuwa na tumbo, sauti kubwa na kofia nyekundu, na akifanya kitu kizuri alikuita uje ukione. Lakini kilikuwa kizuri kweli, na hilo ndilo lililotuchosha shingo kwa kumtazama. Nyuma ya gereji yake kulikuwa na lori bovu. Alikata bawaba za mlango wa lori hilo, akazipasha moto mpaka zikawa nyekundu, akazipinda juu ya kipande cha reli, akazizamisha kwenye maji, akazilinganisha na zile zilizooza, akazirudisha motoni. Moja aliirudisha mara nyingi hata Baba Mdogo akaanza kuuma kucha. Zilipokamilika zilikuwa mbaya kwa sura lakini zilizunguka laini, bila mlio.

Kuzifunga ndipo ilipokuwa shughuli. Fundi Nestori hakukaza nati hata moja. Aliziacha zote zikishika bila kubana, akashusha mfuniko taratibu, akausukuma kidogo kwa paja, akaangalia nafasi pembeni, akaufungua, akakaza nati moja tu. "Usibane kabla halijakaa," alisema. "Ukilibana kwa nguvu litakutii leo, kesho litakusuta." Baba alikuwa anatuambia maneno kama hayo kuhusu ndoa, ila yeye alikuwa hajawahi kufunga buti.

Kisha Fundi akasema anataka jicho ndani ya buti. Watoto wote tukanyoosha mikono, nikachaguliwa mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwembamba na nisiyelia. Mama alipopita na ndoo yake alipiga kelele: "Skola! Mtoto wa kike unaingia kwenye buti kama mbuzi wa sikukuu?" Nilikuwa nimekwisha kuingia.

Mfuniko ulishuka. Palinuka petroli na mahindi. Fundi akauliza kutoka nje:

"Unaona jua?"

"Naliona!"

"Wapi?"

"Kulia, huku kwenye kona!"

Ukafunguliwa, nati ikalegezwa, ukafungwa. Jua likahamia kushoto. Likaja upande wa kioo. Likarudi kulia, jembamba kama uzi, na likakataa kutoka. Bawaba za lori zilikuwa na mgongo tofauti na zile za mwanzo, na mfuniko ulikuwa umelala chini kidogo kuliko bodi. Fundi aliweka washa, kile kipete cha chuma, chini ya bawaba, mfuniko ukanyanyuka kupita kiasi. Akaweka kipande cha tyubu, kikabonyea. Aliinama akifikiri, na macho yake yakatua kwenye miguu ya Baba Mdogo.

"Gervas, hiyo ngozi unayoikanyaga ni nzuri."

"Hizi ni za harusi, Fundi!"

"Ego, ndiyo, najua. Sitaki kiatu. Nataka ulimi."

Baba Mdogo alimtazama, akamtazama Chuchumaa. Akavua. Ulimi wa buti ya kulia, ile ngozi ya chini ya kamba, ulikatwa ukawekwa chini ya bawaba ya kulia, na wa kushoto kushoto. "Harusini usiwe na wasiwasi," Fundi Nestori alisema huku anatoboa tundu la bolti. "Kiatu kisicho na ulimi hakitamwambia Senge."

Mfuniko ukashuka mara ya mwisho. Ulitoa sauti ndogo, tap, kama mtu anayefunga kitabu.

"Unaona jua?"

Niligeuka kulia. Niligeuka kushoto. Nilipapasa kingo zote kwa macho.

"Sioni kitu!"

Sijawahi tena kushangiliwa hivyo kwa kutoona kitu.

Jumamosi Chuchumaa alitoka Kasokola na msafara mzima mbele yake unatimua vumbi. Tulimsubiri Kawajense nyumbani kwa bwana harusi. Alifika mwekundu kuliko alivyoumbwa, Febronia ndani amejifunika mtandio, Baba Mdogo kwenye usukani amebana midomo. Senge aliteremka, hakusalimia mtu. Alikwenda nyuma akafungua buti mwenyewe. Juu ya sanduku alikuwa ametandika kitambaa cheupe cha kutarizi. Alikipitishia kidole, akakitazama kidole juani, akakipitishia tena. Kidole kilitoka safi. Halafu alifunga buti, akafungua, akafunga, akasikiliza ile tap, na yule mama asiyecheka hovyo akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika stesheni.

Leo mwanangu Denis akitaka kitu anabonyeza simu, na kinachokuja ndicho alichoagiza. Buti la gari langu linajifunga lenyewe na mlio kama wa kifaranga. Ni vizuri, sikatai. Ila hakuna aliyelikatia ulimi wa kiatu chake.

Chuchumaa alikwisha kufa zamani, akaondoka vipande vipande. Mwaka huu nilimpeleka Denis kuwasalimia wazee. Mama Mdogo Febronia alinituma stoo nichote unga, nikasimama. Kasha la unga lilikuwa na mfuniko mwekundu uliopauka, na bawaba zile zile mbili mbaya za lori. Nilimwita mwanangu nikamsimulia pale pale. Alinicheka, kisha akawasha tochi ya simu yake, akaiweka ndani ya kasha, akafunga. Tap. Akapiga magoti kwenye giza la stoo, akazunguka kingo zote, kulia, kushoto.

"Mama," alisema taratibu, "sioni kitu."

Uani Baba Mdogo alisikia, akapiga paja kwa furaha. Simu ikaanza kuita mle ndani ya unga. Hakuna aliyekwenda kuifungulia.