Kopo Lililorudi na Samaki

Watu wa siku hizi wakitaka kumpa mtoto chakula cha skuli, wanachukua pakiti ya biskuti na jusi ya boksi, wanatia mkobani, wamemaliza. Mie siwalaumu, lakini wasitarajie niwasifu. Nimekaa ghorofa ya chini ya Bi Jenabai, nyumba hii hii ya Kiponda, mjini Unguja, tangu nilipoletwa bibi harusi kutoka Chwaka, na nnajua kumfungia mtoto chakula ni kazi ya namna gani. Miaka yote nimeamka na harufu ya jiko lake.

Bi Jena, ndivyo tunavyomwita, ni Muhindi wa mjini hapa hapa. Babu yake, mzee Pirbhai, alikuwa na duka la vitambaa. Mumewe keshatangulia mbele ya haki, binti zake wameolewa mbali, kabaki na mwanawe Adil, mkwewe Rumana na mjukuu mmoja, Hina, msichana wa miaka tisa. Zamani, Adil alipokuwa mdogo na wanangu wadogo, nyumba hii ilijaa watoto mpaka ngazini. Tukishaswali alfajiri, Bi Jena anakuna nazi juu, mie nnakuna chini, na kila mmoja hataki mwenzake amtangulie kumaliza. Akinishinda, ananiita kwa juu, "Thuwaiba, umelala?" Mie naam siitiki, nnazidi kukuna. Halafu watoto wanateremka mbio, tunabaki sisi na vyungu vyetu na kahawa ya saa moja. Nnazitamani siku zile, na sioni haya kusema.

Sasa ngazi kimya. Wanangu wameoa, wamehamia shamba. Nyumba ya mkono wa kulia wanalala watalii, ya kushoto wanauza vinyago. Bi Jena magoti yamemwisha, chini hateremki mpaka ashikwe. Sokoni anakwenda Adil, chakula cha usiku anapika Rumana akirudi Tunguu, maana anasomesha chuo kikuu huko. Kazi iliyobaki ya Bi Jena ni moja tu, kumfungia Hina chakula cha skuli.

Na alikuwa anakifunga, si mchezo. Mbaazi za nazi zilizokauka vizuri zisimwagike. Mkate wa kumimina kaukata vipembe. Tango kalichonga ukingoni likawa kama ua, embe kwa msimu wake, vipande vya kuingia mdomoni mara moja, sare isichafuke. Vyote anavipanga ndani ya kopo la chakula, juu anafunika kitambaa safi. "Mtoto akikuta pazuri, atakula," ananambia. Mie nnamwambia wanangu walikula muhogo umelala juu ya samaki na wakakua warefu kuliko mlango. Anacheka, anaendelea kuchonga tango lake.

Basi Alkhamisi moja jioni Adil akaja kukaa na mamake barazani kwake juu, nami nipo. Adil ni mtoto mpole, maneno yake huyazungusha, lakini siku ile aliyasema moja kwa moja. "Mama, Hina anakonda. Sketi ya skuli inamshuka. Mwalimu kasema saa ya mapumziko hamwoni akila. Tuangalie mpaka Jumatatu. Kama hali ni hii, Rumana atamfungia yeye, wewe upumzike."

Bi Jena akasema, "Sawa, baba." Adil alipoondoka akanigeukia. "Thuwaiba, nikipumzika na hilo, nitaamkia nini?"

Ijumaa alipika kama anapikia harusi. Kababu za samaki kazitia karoti iliyokunwa, kaweka na chila mbili laini za unga wa mchele. Mchana Hina karudi, kopo hana. Kalisahau skuli, ati. Jumamosi na Jumapili Bi Jena alinuna, na mie nilinuna naye.

Jumatatu kopo likarudi. Rumana ndiye aliyelifungua, nami nimekaa pale na Bi Jena, nachambua mchele. Ndani mna vipande viwili vya samaki wa kukaanga na muhogo wa kuchemsha, chini pametandikwa jani la mgomba.

"Mnaona?" Rumana akasema. Sauti yake haikuwa ya ushindi, nimpe haki yake, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Chakula cha Mama anakitupa, anakwenda kununua vya barabarani."

Hapo nikashindwa kujizuia. "Rumana, mwanangu, wewe msomi, lakini hili niachie mie. Muuzaji wa barabarani atakutandikia jani la mgomba? Atakuoshea kopo mpaka pembeni? Hiki hakikununuliwa. Kwetu Chwaka ukimrudishia mtu chombo chake kitupu, umemtukana. Kuna mama wa watu kala chakula cha Bi Jena, au mwanawe kala, na huyu samaki ndio ahsante yake. Mwite Hina."

Hina akaja, akaona kopo, macho yakamjaa machozi kabla hajaulizwa. Akamwangalia bibi yake, Dadi, anavyomwita.

"Nnampa Ilham," akasema. Ilham ni rafiki yake wa darasani. Mamake analima mwani Chwaka, yeye anakaa mjini kwa mjomba wake, na mjomba anatoka alfajiri kwenda kazini, kwa hiyo Ilham huja skuli mikono mitupu. Ijumaa chakula kilikuwa kingi, Ilham akaenda nalo kopo kwao Chwaka mwisho wa wiki, na mamake ndiye aliyelijaza.

"Nusu unampa, nusu unakula wewe?" Rumana akauliza.

Hina akatikisa kichwa. "Nnampa chote. Mie mbaazi sizipendi. Sijazipenda kabisa. Na Dadi anaamka alfajiri, nikaona haya kumwambia."

Mie nilitaka ardhi inimeze kwa niaba ya Bi Jena. Kiganja chake kilikuwa juu ya mfuniko wa kopo, kakikandamiza hapo, hakiondoi. Niliumia, wallahi. Umpikie mtoto kwa mapenzi kila siku, kumbe mtoto anaona haya tu.

Mwisho Bi Jena akauliza, "Na huyo Ilham, anamaliza?"

"Anamaliza, Dadi. Mpaka kitambaa anakiangalia kama kuna kitu kimebaki."

Adil aliporudi akaelezwa. Akakuna kichwa, akasema basi kuanzia kesho Rumana amfungie Hina, Mama asisumbuke tena. Bi Jena akamtazama mwanawe. "Sawa. Rumana amfungie mwanawe. Mie nna mtoto wangu wa kumfungia."

Alfajiri ya kesho yake nikasikia Bi Jena anakuna nazi. Nikapanda juu. Nikamkuta analia kidogo kidogo huku mkono haupumziki, nikachukua kisu nikamsaidia vitunguu ili tulie wote tusiulizane. Kisha akanigeukia. "Thuwaiba, wewe mtu wa Chwaka. Watoto wa huko wanapenda nini?"

Katika jiko lile, miaka yote niliyokaa, sijapata kumsikia akiuliza mtoto anapenda nini. Mtoto alikuwa anafungiwa, anachukua, anakwenda zake. "Mie nijuaje?" nikamwambia. "Muulize mwenyewe."

Ijumaa Hina akamleta Ilham baada ya skuli. Kitoto chembamba, mtandio umemkaa vizuri, katuamkia sote shikamoo mmoja mmoja. Bi Jena akamketisha karibu naye, akamuuliza anapenda nini, hapendi nini, pilipili atie au asitie. Ilham akajibu kwa sauti ndogo, na Bi Jena anaitikia kila neno.

Hina alikuwa kasimama mlangoni, kashika pazia, haingii wala haondoki. Bi Jena akamaliza na Ilham, akainua kichwa, akamwona.

"Na wewe, mwanangu," akamwambia, "njoo unambie."