Nafasi ya Dalali

Ile picha iliyotundikwa sebuleni kwako, unamjua aliyeichora? Usinitajie duka ulikoinunua. Namuulizia mtu.

Mimi namjua mmoja, kwa sababu ni baba yangu mdogo. Alianza kwa kuandika majina ya maduka kwenye kuta, akahamia milango ya malori, mpaka siku alipochora uso wa jirani yetu juu ya gunia la saruji, akatokea dalali wa picha akaubeba. Tangu hapo dalali huyohuyo ndiye hununua karibu kila kitu anachochora. Nyumbani tunamwita dalali huyo Shingo, kwa jinsi anavyoipinda akiitazama picha, kana kwamba imemuudhi. Picha hizo huishia kwenye kumbi zenye taa nzuri, ambako Baba Mdogo hajawahi kualikwa.

Nilipomaliza chuo niliapa kutengeneza filamu ya jambo hili. Bila kampuni wala mfadhili: mimi, rafiki yangu mwenye kamera, na waigizaji wa kuokoteza mtaani. Niliuandika mswada huku damu inachemka. Mchoraji wangu alikuwa mnyonge mwenye macho ya huzuni, dalali alikuwa shetani mwenye viatu vinavyong'aa. Na nani wa kumwigiza mchoraji kama si Baba Mdogo mwenyewe?

Usaili tuliufanyia kwenye chumba chake cha kazi, kati ya makopo ya brashi na harufu ya mafuta ya taa. Ukutani iliegemea picha aliyoihangaikia msimu mzima wa mvua: foleni ya watu wanaosubiri mlango wa ofisi ufunguliwe, kila uso na mawazo yake. Shingo angekuja kuichukua kesho yake asubuhi. Mama Mdogo, ambaye ndiye huwamba turubai kwenye fremu na kuzipaka rangi ya kwanza, alikuwa ameshamwambia mumewe kwamba safari hii akiitoa kwa bei ya kutupa, atafute mtu mwingine wa kuwamba turubai zake.

Usaili ukawa balaa. Baba Mdogo, aliyetakiwa tu kuwa yeye mwenyewe, alisimama kama mlingoti. Nikimwambia aonyeshe uchungu, anatabasamu. Nikimwambia amtazame dalali, anaitazama kamera kama inamdai. Na dalali mwenyewe hakuwepo: kinyozi tuliyempa nafasi hiyo alituma ujumbe kwamba amebanwa na wateja. Mama Mdogo akachoka kutuangalia. Akamwambia mumewe asome ya dalali, yeye atasoma ya mchoraji, walau siku isipotee bure.

Baba Mdogo akaisoma karatasi, akaiweka chini. Akaizunguka picha. Akapinda shingo.

“Ni nzuri,” alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi. “Ila wateja wangu siku hizi wana kuta ndogo, mama.”

Mpiga kamera alicheka mpaka kamera ikatikisika. Maneno hayo hayakuwa yangu. Aliendelea bila karatasi: akauliza hali ya watoto, akalalamikia bei ya petroli, katika picha nzima akasifu kidole kimoja tu, kisha akataja bei huku ameshageukia mlango. Kumbe miaka yote ile alikuwa anasikiliza. Mama Mdogo naye akaitupa karatasi yake.

“Kuta ndogo? Waambie wavunje nyumba.”

“Mama, usinifanyie hivyo, sisi ni ndugu.”

“Ndugu gani, hata jina langu hulijui?”

Baba Mdogo akamtazama, na hakumtazama kama dalali. Alimtazama kama mume. Halafu akacheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake.

“Mwanangu,” aliniambia, “mchoraji mpe huyu. Mimi niachie Shingo.”

Niliruka kama mtoto! Tulichana nusu ya mswada palepale, tukaandika upya tumesimama, wote tukisema kwa pamoja. Mama Mdogo alisema aliyemwandika yule mnyonge ni mtu ambaye hajawahi kuishi na mchoraji. Jioni nikamuuliza Baba Mdogo kwa nini hajawahi kumjibu Shingo vile. Alisema anaogopa: Shingo akiondoka amekasirika, nani mwingine atabisha hodi?

Asubuhi nilipokwenda kuchukua taa zetu, Shingo alikuwa ameshafika. Akataja bei yake ya siku zote. Baba Mdogo, akiosha brashi, akataja ya kwake mara moja tu, akaendelea kuosha. Shingo alicheka, akamtazama Mama Mdogo, ambaye hakumsaidia, akatoka. Tukasikia mlango wa gari ukifungwa. Injini ikawaka, ikabaki inanguruma palepale nje.

Kisha injini ikazimwa, na mlango wa gari ukafunguliwa.