Mwaka wa Tisa wa Eligio

Misumari miwili ilikuwa bado imelala kwenye chupa ya spiriti yenye mdomo mpana, juu ya kabati, pale pale Eligio alipoiacha. Miaka minane alisulubiwa kwa hiari, kutimiza nadhiri, kila Ijumaa Kuu kwenye kilima cha mchanga nyuma ya kijiji. Aliahidi tisa, siku ile Marivic, binti yake na mkewe Fausta, alipofumbua macho baada ya homa ya ubongo. Januari hii Eligio akaanguka shambani kwenye miwa, hakuinuka tena.

Kaka Dading, msimamizi wa igizo la Mateso ya Yesu pale kijijini, alikuja kuichukua misumari ampe mwanamume mwingine. Fausta, sasa mjane, akamkaribisha kahawa, akamwambia kwa upole kwamba misumari ina mwenyewe, na mwenyewe ni yeye: mwaka wa tisa atasulubiwa yeye.

Habari zikafika bombani kabla kahawa haijapoa. Wanawake wakamcheka: ametuona sisi mabinti wa Yerusalemu, tumlilie? Na nani atatufulia nguo wiki ya Pasaka?

"Mtajifulia," akasema Fausta. "Sabuni haibagui mkono."

Padre alimwita. Akamweleza kwamba Kanisa halipendi mambo hayo, kwamba deni la marehemu huombewa misa.

"Mungu hadai damu, Fausta. Ya Mwanawe ilitosha."

"Ni kweli, Padre, hajadai. Tuliahidi wenyewe. Eligio alitamka, nami nilikuwa nimepiga magoti ubavuni pake. Misa nitaomba pia."

Padre akamuuliza mikono ile ataishi nayo vipi, maana kufua ndiyo riziki yake. Fausta akaitazama, imechakaa kwa magadi. Akasema angekuwa na kitu kingine cha thamani angetoa hicho.

Ijumaa Kuu jua lilikuwa la kupasua kichwa. Alibeba msalaba kutoka kanisani mpaka kilimani, Marivic akitembea nyuma yake na kitambaa cha kumfuta jasho. Alipolazwa juu ya mti, Undo, jirani yao aliyevaa kofia ya askari wa Kirumi, alishika nyundo. Dading akainama, akanong'ona kwamba wanawake hufungwa kamba tu, watu hawataona tofauti.

"Eligio hakuahidi kamba."

"Shemeji, siwezi," Undo akasema.

"Unaweza. Miaka minane ulimpigilia misumari mume wangu, na jioni ukala wali kwangu. Piga, Undo."

Akapiga. Fausta hakulia. Alisali Baba Yetu kwa sauti, taratibu, na alipofika kwenye "utakalo lifanyike" alikaza neno kama mtu anayekamua shuka. Wakamsimamisha kwa kitambo cha sala tatu, wakamshusha.

Jioni, mikono ikiwa imefungwa bendeji, alimwambia Marivic amwage ile spiriti mferejini. Misumari ikapelekwa kaburini kwa Eligio, ikafukiwa. Chupa ikasuguliwa, ikachemshwa, ikaanikwa.

Jumatatu ya Pasaka Dading alipita kuulizia misumari ya mwakani. Akaikuta ile chupa mezani, imejaa mayai ya bata ndani ya maji ya chumvi.

"Ya misumari yameisha," Fausta akamwambia. "Ya mayai, rudi baada ya wiki tatu, yakishakolea chumvi."