Filta ya Tangi la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipofariki, aliacha kwenye chumba chetu cha Soweto West, Nairobi, tangi la kioo lenye samaki watano wa rangi ya chungwa. Alilinunua kwa watu waliokuwa wakihama, filta yake ya kuchujia maji ikiwa tayari inakohoa. Tulimzika nyumbani Vihiga, kisha Baba akarudi nami Nairobi. Hakusema kwa nini, nami sikumuuliza. Asubuhi nilienda kuchomelea milango, jioni nikarudi, tukala, tukalala. Watu waliniambia machozi yangekuja. Niliwaitikia tu.

Filta ilizima kabisa wiki ya pili. Maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Samaki mmoja akafa, na waliobaki wakawa wanapanda juu kutafuta hewa. Jirani alinishauri nimwage kila kitu. Baba akasema, "Hapana. Watafutiwe filta nyingine."

Jumamosi tulitembea hadi Kawangware, kwa jamaa mmoja anayeuza samaki wa kufuga ndani ya nyumba.

"Niaje, boss. Karibu, mzee," alisema. "Tangi yenu inabeba maji kiasi gani?"

"Mitungi mitatu," nilijibu.

Alitutolea filta ya kuning'inizwa ukingoni, yenye makaa ya kuondoa harufu. Kisha akatuonyesha nyingine kubwa, ya kukaa chini ya meza, yenye mabomba mawili. Baba aliigeuzageuza.

"Hakuna ya mchanga? Kwetu chemchemi huchujwa na mchanga."

"Hapana, mzee. Kwenu stima hupotea?"

"Karibu kila wiki umeme hukatika," nikasema.

"Basi hizi mbili achana nazo, hasa hii kubwa. Stima ikikaa sana bila kurudi, maji yanaozea ndani, halafu ikiwaka yanarudi kwa samaki." Akachukua pampu ndogo ya hewa na kipande cha sponji. "Hii inawatosha, haifungii maji ndani. Hewa inavuta maji yapite hapa, uchafu unabaki."

Nilikubali. Ningekubali yoyote. Lakini badala ya kutufungia sponji mpya, jamaa alitumbukiza mkono kwenye tangi lake mwenyewe, akatoa nyingine iliyokuwa nyeusi tii, ikichuruzika.

Baba alikasirika. "Unatuuzia takataka? Kwa sababu umeona mimi ni mtu wa mashambani?"

"Mzee, huo uchafu ndio unafanya kazi. Kuna viumbe wadogo humo, huwezi kuwaona, ndio wanakula sumu ya samaki. Mpya itachukua wiki nyingi kuwapata, na samaki wenu hawana hizo wiki. Lakini msiioshe na maji ya bomba. Yana dawa, itawaua hao viumbe. Ikamulieni kwenye maji ya tangi lenyewe."

Baba aliitazama tena ile sponji. Kisha akanyoosha mikono. Akabeba ile sponji ndani ya mfuko wa maji hadi nyumbani, ameukumbatia kifuani, shati likilowa, na alikataa nimpokee.

Samaki mwingine alikufa siku iliyofuata. Watatu wakapona. Siku baada ya siku maji yalizidi kung'aa, na Baba akawa anaketi mbele ya kioo akiyatazama. Kuyabadilisha kidogo kidogo kukawa kazi yake.

Jumapili moja tulichota maji ya tangi kwenye beseni ili Baba akamulie sponji humo. Aliibonyeza mara mbili, kisha akaacha.

"Mdogo wako angechagua ipi?"

"Ile kubwa," nilisema. "Alipenda vitu vikubwa."

Baba alicheka. Kicheko kikageuka katikati, akaanza kulia, sponji bado mkononi. Nilitaka kulia naye. Nilingoja, hakuna kilichokuja. Nilishika beseni lisimwagike.

Alipomaliza, tukairudisha sponji ndani ya tangi, nikawasha pampu, nikaenda kusonga ugali.