Nilipotuma Wazee Benki

Nyumba yangu ya mawe niliijenga kwa ng'ombe. Shule niliacha darasa la tatu, na sioni haya kusema. Nilianza kwa kuswaga mifugo ya watu kutoka Sericho mpaka soko la Isiolo, kwa miguu, mpaka nikanunua yangu. Baadaye benki ikanikopesha pesa za kuongeza ng'ombe, nikaweka hati ya nyumba. Ukame ukaja, ng'ombe wengi wakafa, nikaacha kulipa.

Simu za benki sikupokea. Barua niliziweka chini ya godoro. Ya mwisho aliisoma binti yangu: nyumba itapigwa mnada.

Hapo nikafanya tunavyofanya sisi. Kwetu ukimkosea mtu, huendi mwenyewe. Unatuma wazee wabebe sukari na majani chai, wakuombee. Nikatuma wawili. Mimi nikaketi nje ya duka lililo mkabala na benki, kofia nimeishusha.

Hawakukawia. Wakatoka na sukari yao.

"Meneja anasema akipokea atafutwa kazi," mmoja akaniambia. "Halafu anauliza, mwenye deni ako wapi?"

"Mkamwambia nini?"

"Tukamwonyesha wewe kwa dirisha. Alikuwa anadhani wewe ni soja wa duka."

Nikaingia, wazee nyuma yangu. Meneja alikuwa mwanamke kijana wa Kimeru, rika la kitinda mimba wangu. Nilingoja anikemee.

"Mzee, nikiuza hiyo nyumba tunaumia sote. Mimi kazi yangu si kuuza nyumba. Mbona hukuja ng'ombe wa kwanza alipokufa?"

"Ningekuja kusema nini?"

"Hivyo tu. Kwamba amekufa."

Katika maisha yangu sikuwa nimemwambia mtu kwamba nimeshindwa. Nikasema hapo, mbele ya wale wazee.

Akauliza mifugo huuzwa lini. Nikamwambia mvua ikishanyesha, wakishanenepa.

"Sasa nani alikuandikia ulipe kila mwezi?"

"Si ni nyinyi!"

Akacheka, akavuta karatasi. Tukapatana hivi: wakati wa kiangazi nilipe riba peke yake, deni lenyewe nilipunguze msimu wa kuuza. Vyumba vya mbele nipangishe, kodi iingie benki moja kwa moja. Yeye ataomba wakubwa wake wasimamishe mnada. Na kila mwisho wa mwezi nifike mwenyewe, niwe na pesa au nisiwe nazo.

Wakubwa walikubali baada ya wiki mbili. Sikulala vizuri hizo wiki.

Siku hizi mimi na mke wangu tunaishi chumba cha nyuma. Sebuleni kwangu anakaa mwalimu, na nikitaka kupita mbele nabisha hodi. Magoti yananiuma, na foleni ya benki ni ndefu. Mwezi uliopita sikuwa na chochote. Nilipanga foleni hivyo hivyo, nikamwambia meneja sina kitu, akaandika, nikaondoka.