Nilificha Barua ya Mwanangu Kwenye Faili la Ukimbizi

Mwizi ni mimi. Nasema mapema, usije ukanionea huruma kabla hujasikia.

Sikuiba pesa wala mume wa mtu. Niliiba barua ya mtoto niliyemzaa mwenyewe, na siku nilipokamatwa bado nilikuwa na mdomo wa kujitetea!

Mimi ni mama wa Bukavu, naishi Saint-Gilles, Ubelgiji, natunza wazee majumbani kwao. Tulipoomba ukimbizi tulingoja jibu miaka sita. Kila asubuhi nilishuka ngazi na gauni la kulalia kwenda kuchungulia sanduku la barua. Nilizijua karatasi za nchi hii mpaka Wakongo wenzangu wakawa wananiletea za kwao niwasomee. Nyumbani pia barua zote zilipitia kwangu. Ufunguo wa sanduku ulikuwa mmoja tu, na ulikaa kwenye mkoba wangu.

Mtoto wangu nitamwita Neema. Nilimlea kama mvulana. Alipofika miaka kumi na tisa akaniambia amechoka kuigiza, yeye ni msichana. Ilikuwa 2018, na sheria ya Ubelgiji ilikuwa imebadilika. Zamani ilikuwa lazima upasuliwe kwanza ndipo wakubadilishie kitambulisho. Sasa unakwenda commune, ofisi ya serikali ya mtaa, unatoa tamko, unangoja miezi mitatu, halafu unarudi kulithibitisha kabla miezi sita haijaisha. Ukichelewa, unaanza upya.

Nilifoka mpaka jirani akagonga ukuta!

"Mimi vita ilinipiga juu niko mwanamuke! Hakuna mwenye alinipatia formulaire ya kujaza nichague! Na bamama benye banaogopa kuvua nguo mbele ya muntu mwenye alizaliwa mwanaume, nani atabauliza?"

"Maman, hata mimi naogopa kuvua nguo mbele ya banaume," akanijibu polepole. "Mimi nani ataniuliza?"

Sikumuuliza. Niliendelea kuosha sufuria.

Akaenda peke yake kutoa tamko la kwanza. Aliporudi alisema watamwandikia siku ya kurudi, akaniomba nikiiona barua nimpe. Alikuwa anasomea uuguzi kule Woluwe, na Septemba alikuwa anaanza mazoezi hospitalini. Vyumba vya kubadilishia nguo viligawiwa kulingana na kitambulisho, kwa hiyo alitaka chake kiwe tayari.

Barua ilifika Juni. Niliifungua nimesimama pale pale koridoni. Siku, saa, namba ya dirisha, vyote vimeandikwa. Nikajidanganya kwamba naishikilia kidogo tu, akili ya mtoto itapoa yenyewe. Nikaipenyeza kwenye faili langu la ukimbizi, kabatini, chini ya mashuka.

Aliniuliza sijui mara ngapi.

"Maman, commune haiyaniandikia?"

"Bado. Weye unafikiri Belges bako mbio? Siye tulingojaka six ans. Na weye ungoja."

Akaniamini! Hapo ndipo panaponichoma mpaka leo. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye mjuzi wa karatasi, na kwa sababu miaka ile ya kungoja yeye ndiye alikuwa akishuka ngazi pamoja nami, mtoto wa miaka mitano, kanishika gauni. Nilichukua mateso yetu wote wawili nikayafanya uongo.

Septemba ikafika, wakampa kabati katika chumba cha wanaume. Hakuingia hata siku moja. Wiki tatu alivalia chooni, koti la kazi kaliviringisha kwenye mfuko wa duka. Kuna asubuhi mmoja wa wanafunzi wenzake alimngoja nje ya choo na simu mkononi, akampiga picha. Neema alirudi nyumbani kabla ya saa sita mchana. Akalala na viatu miguuni. Masomo akayaacha.

Nami nikampikia fufu na sombe, kile kisamvu cha kwetu, nikamwambia Mungu ana mipango yake. Mnafiki mkubwa!

Utauliza kwa nini sikuichoma ile barua. Sikuweza. Mtu aliyengoja karatasi miaka sita hatupi karatasi ya serikali, hata ya wizi. Mkono ulikataa. Siku moja Neema alitaka kwenda mwenyewe commune kuulizia, akafungua faili langu kutafuta cheti chake cha kuzaliwa. Nilimkuta ameketi sakafuni, barua iko mapajani. Miezi sita ilikuwa imeshapita.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Maman, si tulikuwa tunashukaka ngazi siye bote? Weye unajua kungoja ni nini."

"Nilikuwa nakulinda, mutoto yangu."

"Ulinilinda na nani?"

Jioni ile alitoka na begi moja.

Sikuandika hapa kubishana juu ya sheria. Kuna mambo ambayo hata leo siyaelewi, na yale niliyouliza kuhusu wanawake bado nayauliza. Lakini ningeuliza mezani, uso kwa uso, anijibu, tukasirikiane, tule. Mimi niliuliza kwa kuiba.

Mwaka jana nilihitaji karatasi ya commune inayoonyesha nani wanaishi nyumbani. Kijana wa dirishani akaichapa, akanipa. Jina moja tu, langu. Nikamwuliza kama mashine haikuruka mstari. Akasema hapana, madame, uko peke yako. Nimesikia kwa watu wa Matonge, mtaa wetu Wakongo, kwamba Neema alianza upya, akapata kitambulisho chake, na amerudi shuleni. Nimesikia kwa watu! Mimi mama yake!

Bado nashuka ngazi kila asubuhi. Wewe mzazi mwenye ufunguo, ukiona jina la mtoto wako kwenye bahasha, iweke mezani, umwite aje kula. Mkigombana, mgombane. Ukitaka kulia, lia. Lakini bahasha iache ilivyofungwa.