Mkate wa Njiani

Juzi, nikipita mtaa wa Observatory, nilisikia harufu ya matawi mabichi: mtu alikuwa anaezeka kibanda uani. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni ambayo Mama, fundi cherehani, alialikwa na mteja wake Myahudi kwenye sikukuu yao. Nyumba ilikuwa nzima, lakini wenyeji na wageni wote tulikula kibandani, huku wao wakiimba. Mimi niliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi, chini ya turubai, nilichukua mkate mezani. Nikauficha ndani ya gauni uwe mkate wa njiani, tukilazimika kukimbia.

"Mama, nani kawafukuza?" nikanong'ona.

"Hakuna, mwanangu. Wanakumbuka babu zao walivyotangatanga jangwani. Baada ya wiki wanarudi ndani."

Sikuamini kwamba watu huhama kwa hiari. Tulipofika kwetu Yeoville, nilitoa mkate wangu kwa aibu. Mama hakunigombeza. Alifungua mkoba wake, akatoa wa kwake.